Kurusha Ndege za Kivita kwenye Kompyuta: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Wengi huanza hivi. Mtu anapakua gemu, anachagua ndege yenye sura ya kutisha kuliko zote, anaingia moja kwa moja kwenye misheni iliyojaa maadui, na kabla dakika mbili hazijaisha ameshaanguka bila kujua kilichompiga. Anarudia mara kumi, kisha anazima kompyuta na kusema mchezo huu una wenyewe.

Mchezo hauna wenyewe. Kilichokosewa ni mpangilio wa kujifunza. Nimekaa jioni nyingi kwenye redio ya mchezo, yaani mazungumzo ya sauti tukiwa tunaruka, na wageni wa mchezo huu, na waliodumu walipita njia moja: walishika ndege moja, wakajifunza kuirusha, wakajifunza kuitua, ndipo wakagusa kifyatulio cha risasi. Matumizi makubwa ya fedha yalikuja mwisho kabisa. Mwongozo huu unafuata njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Chagua simuleta moja

Kuna gemu za ndege na kuna simuleta. Kwenye gemu ya kawaida ndege ni mshale unaokwenda unakouelekeza. Kwenye simuleta ndege ina uzito, ina mabawa yanayohitaji hewa, na ina injini inayopata joto na kuungua ukiilazimisha. Ukivuta usukani kupita kiasi, mabawa yanaacha kubeba na ndege inaanguka kama jiwe. Raha yote ya mchezo huu imo humo.

War Thunder ni ya bure na ina namna tatu za kucheza. Katika mbili za kwanza unaweza kurusha ndege kwa mausi: unaelekeza macho tu, kompyuta ndiyo inayoshika usukani kwa niaba yako. Ni burudani nzuri, ila mikono yako haijifunzi kitu. Namna ya tatu, ya simuleta, inakufungia ndani ya chumba cha rubani, na hiyo ndiyo inayohusika hapa.

IL-2 Sturmovik: Great Battles ni ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ilianza na mapigano ya Stalingrad. Vitufe vya kujifunza ni vichache, injini unaielewa haraka, na sehemu ya kutengeneza misheni fupi inakuweka angani na adui mmoja ndani ya dakika moja. Kwa mtu anayetaka mapambano ya karibu ya bunduki, sijaona mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Kama kompyuta yako ni ya zamani, tafuta ndugu yake mkubwa, IL-2 Sturmovik: 1946, iliyotoka mwaka 2006. Picha zake zimezeeka, lakini inakwenda vizuri kwenye mashine dhaifu na ina ndege nyingi ajabu.

DCS World ya Eagle Dynamics ndiyo yenye undani mkubwa wa vyumba vya rubani. Karibu kila swichi iliyomo kwenye ndege halisi unaweza kuibonyeza. Kupakua ni bure, na ndani yake unakuta ndege mbili: Su-25T, jeti ya Kirusi ya kushambulia ardhini, na TF-51D, ambayo ni Mustang, ndege ya panga ya Kimarekani ya Vita Kuu ya Pili, katika umbo la mafunzo lenye viti viwili. Unapata pia ramani ya Caucasus na ile ya visiwa vya Mariana. Ndege nyingine zinauzwa mojamoja kama moduli.

Ipo pia Falcon BMS, ya jeti ya F-16, inayojengwa na wapenzi wenyewe juu ya gemu ya Falcon 4.0 ya mwaka 1998. Ni ya bure, ila lazima uwe na nakala halali ya ile ya zamani. Vita yake inajiendesha yenyewe: ukilipua daraja leo, kesho vifaru vya adui havipiti pale. Usianzie hapo. Utaifikia.

Ushauri wangu ni DCS kwa TF-51D, kama mashine yako inaimudu. TF-51D haina silaha hata moja, na hilo ndilo jema lake. Inakunyima njia ya mkato.

Hatua ya 2: Vifaa, na vile vya kuacha

Kwa DCS, chini ya GB 16 za RAM utateseka, na GB 32 ndizo zinazokupa utulivu. Lazima iwe diski ya SSD, tena yenye nafasi kubwa, maana kila ramani na kila moduli unayoongeza inakula gigabaiti nyingi. IL-2 haihitaji mashine kubwa kiasi hicho.

Joistiki ni lazima. Kibodi haiwezi kuvuta kidogo: kitufe kimebonyezwa au hakijabonyezwa, wakati kurusha ndege ni kazi ya robo na nusu robo. Ya kwanza iwe ya kawaida, ila hakikisha ina mambo mawili: kijiti kinachozungushwa kushoto na kulia, ambacho kitakuwa pedali zako, na kiwenzo kidogo cha kuongeza nguvu za injini. Logitech Extreme 3D Pro na Thrustmaster T.16000M zimewafundisha watu wengi sana. Ukiwa na uwezo zaidi kidogo, VKB Gladiator NXT ni hatua nzuri.

Ukisoma sifa za joistiki utakuta habari za sensa. Za bei ya chini mara nyingi hutumia potentiometa, ambapo kipande kimoja kinasugua kingine, na kadiri miaka inavyokwenda kinachakaa na kuanza kurukaruka. Sensa za sumaku hazigusani na chochote, kwa hiyo hazichakai hivyo. Kama unachagua kati ya vitufe vingi na sensa ya sumaku, chukua sumaku.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mgeni alisikie kabla hajatoa fedha tena. Kifaa cha pili cha kununua ni cha kufuatilia kichwa. Pedali na wenzo wa chuma wenye taa vinaweza kungoja. Angani unapigana kwa macho. Adui akipita juu ya kichwa chako akaenda nyuma, lazima uinue uso umfuate, na vidole vyako vimeshikilia kazi nyingine. Kifaa cha kufuatilia kichwa kinageuza mtazamo kwenye skrini kila unapogeuza shingo kidogo. TrackIR ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini kama una kamera ya kawaida ya kompyuta, programu ya bure iitwayo OpenTrack inaweza kuusoma uso wako bila kifaa kingine chochote. Ijaribu kwanza. Weka taa mbele yako, si nyuma, la sivyo kamera inauona uso wako kama kivuli.

Miwani ya VR inakupa kitu ambacho skrini haiwezi: unahisi umbali. Unaona kwa macho kwamba ndege iliyo mbele iko mita mia na haiko mia tatu. Inataka kadi ya picha yenye nguvu sana, na inaweza kukutia kichefuchefu. Kikianza, vua hapo hapo. Kujilazimisha hakuuzoeshi mwili, unaufundisha kuichukia miwani.

Kaa vizuri pia. Joistiki ikiwa juu ya meza ndefu na kiwiko kikining'inia, bega litauma baada ya nusu saa na mkono utaanza kutetemeka. Mkono wa mbele uegemee kitu, kazi ifanywe na kiganja.

Hatua ya 3: Mipangilio kabla ya kuruka

DCS ikiona kifaa kipya, inakigawia mihimili yenyewe, yaani inaamua kila mwendo wa kijiti au kiwenzo ufanye kazi gani, na hapo ndipo wageni wengi wanapotezwa. Unaweza kukuta kiwenzo cha nguvu kimepewa pia kazi ya kuinua pua. Unaongeza nguvu, ndege inajibinua, unadhani ndege ni mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti, fungua sehemu ya mihimili, na hakikisha kila kazi ina mhimili mmoja tu: kuinua na kushusha pua, kulalia kushoto na kulia, usukani wa mkia, nguvu za injini. Futa vilivyobaki. Kisha sogeza kiwenzo utazame kama nguvu zinapanda unapokisukuma mbele. Zikishuka, geuza mwelekeo wake.

Kijiti kifupi cha mezani ni chepesi mno kikiwa karibu na katikati, kwa hiyo weka mkunjo wa 10 hadi 20 kwenye kuinua pua na kulalia. Mkunjo unafanya mwanzo wa mwendo uwe mpole. Eneo bubu la katikati liwe dogo kabisa, la kutosha tu kuzuia mtikisiko.

Kwenye joistiki weka vitufe vichache: kifyatulio, trimu (inayoishikilia ndege ilivyo bila wewe kuvuta kijiti muda wote), kusogeza mtazamo karibu, na kurudisha mtazamo katikati. Vingine viache kwenye kibodi kwa sasa. Kwa kawaida G ni magurudumu, F ni flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege ibebeke kwa mwendo mdogo), W ni breki, F1 inakurudisha ndani ya chumba cha rubani na F2 inakuonyesha ndege kwa nje. Ukibonyeza Shift ya kushoto na F10, kila ndege angani inapata maandishi ya jina na umbali. Yatumie mwanzoni bila aibu.

Hatua ya 4: Kupaa

Chagua misheni inayoanzia kwenye barabara ya kurukia injini ikiwa inanguruma tayari. Kuwasha ndege kutoka baridi ni somo tamu, lakini ni la wiki ya tatu.

Mustang inakalia mkia, kwa hiyo pua inakuziba barabara iliyo mbele. Usijaribu kuona mbele. Tazama kingo za barabara pande zote mbili. Weka trimu ya usukani wa mkia nyuzi 6 kulia. Vuta kijiti nyuma kidogo: hilo linafunga gurudumu la mkia lisizunguke ovyo.

Anza kusukuma nguvu polepole. Ipo saa inayoonyesha shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, kwa inchi za zebaki. Fika 30, subiri, sikiliza. Ndege itaanza kukatia kushoto. Sababu ni kwamba panga kubwa linapozunguka linairudisha hewa kwa mzunguko, hewa hiyo inaupiga mkia ubavuni, na mzunguko wa injini wenyewe unaisukuma bodi ya ndege upande wa pili. Dawa ni mguu wa kulia, au kuzungusha kijiti kulia kama huna pedali. Hapa kuna siri moja inayochukua siku kadhaa kuingia mwilini: usikanyage ukashikilia. Gusa, achia, gusa, achia. Ukingoja hadi pua imeshapotoka ndipo ukanyage, umechelewa, na ukikanyaga sana inarudi upande wa pili kwa kasi. Miguu iwe inacheza tangu ndege inapoanza kusogea.

Endelea hadi inchi 61 na mizunguko 3000 ya injini kwa dakika. Ndege ikishika mwendo, sukuma kijiti mbele taratibu mkia uinuke. Mkia unapoinuka pua inavutwa kushoto tena, kwa hiyo uwe tayari na mguu. Sasa unaiona barabara yote. Usiing'oe ndege, ikikaribia maili 110 kwa saa itakuambia yenyewe kwamba inataka kwenda, na unavuta kidogo tu. Magurudumu juu. Punguza hadi inchi 46 na mizunguko 2700, panda kwa maili 170 kwa saa.

Nenda hadi futi 10,000 na ukae huko siku kadhaa. Ruka moja kwa moja bila kupanda wala kushuka, urekebishe kwa trimu mpaka uweze kuachia kijiti. Kisha pinda ukiwa umelala nyuzi 30, kisha 60. Kwenye nyuzi 60 utagundua ndege imekuwa nzito, na kweli imekuwa: ili isishuke, mabawa yanabeba mara 2 ya uzito wake. Mwendo ambao mabawa yanaacha kubeba nao unapanda, takriban mara 1.4. Ndege iliyokuwa ikianguka kwa maili 100 sasa inaanguka kwa 140. Kumbuka hesabu hii, maana ndiyo inayowaua wageni katikati ya mapambano: wanavuta wakati hawana mwendo wa kuvutia.

Ifanye iache kubeba kwa makusudi. Toa nguvu, shikilia pua juu, ngoja. Kwanza usukani unalegea, kisha ndege inatetemeka, kisha bawa moja linadondoka. Achia kijiti mbele, sawazisha kwa mguu wa upande ulioinuka, ongeza nguvu, ndipo uvute polepole. Rudia mara ishirini, hadi mtetemeko ule uusikie kama mtu anayekugusa bega.

Hatua ya 5: Kutua

Mtu anayejua kutua anaijua ndege yake, kwa sababu kutua kunakulazimisha kudhibiti mwendo, kimo na mwelekeo kwa pamoja ukiwa na hewa kidogo ya kuchezea. Wengi wanairuka hatua hii kwa kuwa misheni inaweza kufungwa ukiwa angani. Usiwe mmoja wao.

Pita sambamba na barabara kwa futi 1,000 juu ya ardhi, ikiwa ubavuni mwako. Chini ya maili 170 kwa saa shusha magurudumu. Chini ya 165 shusha flapu zote. Geuka, geuka tena, uikabili barabara ukiwa na maili 120. Hapa shika kanuni hii: pua inatawala mwendo, nguvu zinatawala kushuka. Unaona unakwenda haraka mno, inua pua kidogo. Unaona utafika kabla ya barabara, ongeza nguvu. Usivute pua, maana ukivuta unapunguza mwendo na unashuka zaidi.

Ukivuka mwanzo wa barabara, toa nguvu zote, elekeza macho mwisho wa barabara, na endelea kuizuia ndege isiguse chini. Izuie, izuie, huku kijiti kikirudi nyuma kidogokidogo. Itagusa yenyewe kwa magurudumu matatu kwa pamoja. Miguu isilale, ndege ya mkia inaweza kugeuka ghafla hata ikiwa inatembea taratibu.

Ukiona mambo hayaendi, rudi juu. Ila ongeza nguvu kwa upole. Mustang yenye mwendo mdogo ukiipiga nguvu zote kwa ghafla, mzunguko wa injini unaigeuza mgongo kushoto na huna kimo cha kuirudisha. Mimi nilianguka hivyo mara nne kabla ya kuelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye kiganja changu cha kushoto.

Tua mara kumi mfululizo bila kuvunja kitu, ndipo usonge mbele. Jeti zina desturi zake: F/A-18C, kwa mfano, imejengwa kwa ajili ya manowari za kubeba ndege, kwa hiyo unashikilia pembe moja ya bawa dhidi ya hewa inayolijia, nyuzi 8.1, hadi inagonga chini, bila kuinua pua mwishoni.

Hatua ya 6: Mapambano

Sasa chukua ndege yenye bunduki, iwe kwenye IL-2 au moduli ya DCS ya majaribio. Na kabla ya kufikiria risasi, fikiria kimo.

Kimo ni akiba ya mwendo. Ukiwa juu, unaweza kushuka ukapata kasi. Ukiwa na kasi, unaweza kupanda ukapata kimo. Ukiwa chini na polepole, huna kitu mfukoni. Mjerumani Oswald Boelcke aliandika kanuni zake za mapambano mwaka 1916, na ya kwanza inasema utafute ubora kabla ya kushambulia, ikiwezekana jua liwe nyuma yako. Katika miaka ya 1960 Mmarekani John Boyd, akiwa na mwanahisabati Thomas Christie, aliliweka wazo la nishati katika hesabu, na ndege za baadaye za Marekani zilibuniwa kwa kufuata hesabu hizo. Simuleta nzuri inatii hesabu hizo hizo. Jaribu uone: anza juu ya adui kwa futi 3,000, shuka, piga, panda tena bila kupinda. Adui anayejaribu kukufuata juu anaishiwa mwendo na kuning'inia, nawe unamgeukia.

Mazoezi yapangwe hivi. Wiki ya kwanza, adui mmoja anayeruka moja kwa moja, mfano ndege ya mizigo. Ya pili, mpiganaji wa kiwango cha chini kabisa. Ya tatu, ndege sawa na yako. Adui wawili kwa mmoja ni baadaye sana.

Ukiwa nyuma ya adui anayepinda, pua yako ina mahali patatu pa kuelekea. Ikiwa mbele yake, unamkaribia haraka lakini unaweza kumpita. Ikiwa juu yake moja kwa moja, utajikuta unapinda zaidi na zaidi hadi unaishiwa. Ikiwa nyuma yake kidogo, unabaki ndani ya mchezo ukitunza mwendo. Mgeni anaiweka pua juu ya adui tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu anamtaka kwenye kilengeo. Kaa nyuma, subiri, halafu peleka pua mbele kwa ile sekunde ya kupiga tu. Na ukiona unamkaribia kupita kiasi, usipunguze nguvu. Legeza kona, panda, lala mgongo, mtazame kupitia kioo cha juu, kisha mshukie tena. Kasi yako umeificha kwenye kimo na umeichukua tena.

Kuhusu risasi, fanya hesabu mara moja nawe hutaisahau. Tuseme risasi inakwenda mita 800 kwa sekunde. Kufika mita 200 inachukua robo sekunde. Ndege inayokatisha mbele yako kwa mita 100 kwa sekunde imeshasogea mita 25, na Bf 109, ndege ya kivita ya Kijerumani, nzima ina urefu wa takriban mita 9. Kwa hiyo unalenga hewa tupu mbele yake, karibu ndege tatu. Kwa mita 400 umbali huo unakuwa maradufu na zaidi, na kosa lako pia. Ndiyo maana nasema karibia. Karibia hadi anajaza kilengeo, hadi unaona misumari ya bodi yake, ndipo ufyatue kwa sekunde moja. Kama bunduki zako ziko mabawani, kuna umbali uliopangwa ambapo risasi zinakutana. Kwenye IL-2 unaupanga mwenyewe, na ufanane na umbali unaopenda kupigia.

Na macho. Kila baada ya sekunde chache tazama nyuma, hata pale unapomfukuza mtu, hasa pale unapomfukuza mtu. Nakumbuka jioni moja nilimfuata adui kuanzia mawinguni hadi juu ya mto, nimemng'ang'ania kwa dakika tatu, nimemweka kwenye kilengeo vizuri, kidole kinaanza kukaza. Moshi ulitoka kwenye injini yangu kwanza. Mwenzake alikuwa nyuma yangu muda wote ule, na sikuwa nimegeuza shingo hata mara moja. Ukiangushwa na mtu uliyekuwa unamwona, utajifunza kitu. Ukiangushwa na usiyemwona, tatizo ni shingo.

Hatua ya 7: Makombora, kwa ufupi

Ukihamia jeti za kisasa utasikia redioni majina matatu ya NATO. Fox 1 ni kombora kama AIM-7, linalohitaji rada yako iendelee kummulika adui hadi mwisho. Fox 2 ni linalofuata joto, kama AIM-9. Fox 3 ni kama AIM-120, lenye rada yake lenyewe, ambalo likishakaribia shabaha unaweza kuliacha likaenda.

Kwa kujikinga, dhidi ya joto unatupa mioto ya kupoteza lengo huku ukipunguza nguvu za injini. Dhidi ya rada unatupa vipande vyembamba vinavyorudisha mawimbi. Lakini kinga kubwa ni mwendo wa kombora lenyewe. Injini yake inawaka sekunde chache tu, kisha linateleza. Shuka kwenye hewa nzito, geuka mara kwa mara, lilazimishe kukufuata kwa kona, na litaishiwa. Ukiweka ubavu wako kuelekea rada ya adui, humkaribii wala humkimbii, na rada inayochuja vitu kwa mwendo inaweza kukuchanganya na ardhi iliyo chini yako.

Hatua ya 8: Jitazame, kisha uwafuate wengine

Tacview ni programu inayorekodi ruka yako na kuionyesha tena kama mchoro wa pande tatu, na ina toleo la bure. Baada ya kila pambano ulilopoteza, ifungue, rudi nyuma dakika moja kabla ya kupigwa, tazama mwendo na kimo chako. Mara nyingi kosa halipo pale ulipopigwa. Lipo sekunde arobaini nyuma, pale ulipovuta kona moja ambayo hukuihitaji.

Kisha ingia kwenye seva. Usianze na ile yenye mapambano ya kila mtu na mwenzake. Tafuta ya ushirikiano, ambapo watu wanapigana na kompyuta kwa pamoja. Sema wazi kwamba wewe ni mgeni. Jumuiya hii inawapenda wageni wanaouliza. Kwa redio, watu wa DCS wengi hutumia programu ya SRS, inayoiga masafa halisi ya ndege. Sikiliza kwanza, kisha sema kwa ufupi: jina lako, uko wapi, unafanya nini. Usikatize barabara ya kurukia bila kutazama anayekuja kutua, usifyatue chochote uwanjani, na ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya, omba radhi pale pale redioni.

Hatua ya 9: Sasa nunua

Kama umefika hapa, unajua unachokipenda. Umependa bunduki na panga, au umeanza kuvutiwa na rada na swichi? Ukipakua DCS moja kwa moja kutoka kwa walioitengeneza, si kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, moduli nyingi unaweza kuzijaribu bure kwa siku 14. Anayetoka kwenye panga na kutaka jeti nyepesi, ajaribu F-5E: haina mambo mengi na inakufundisha mapambano ya karibu kwa kasi ya jeti. Anayependa mabomu na kufanya kazi polepole juu ya ardhi, A-10C. Anayetaka ndege moja ya kila kitu, pamoja na kutua kwenye manowari, F/A-18C.

Usiwashe majaribio mawili kwa pamoja. Soma kwanza mwongozo wa ndege hiyo kwenye PDF, unaokuja na mchezo wenyewe, angalau sura ya kuwasha injini na ya kutua. Andika hatua za kuwasha kwenye karatasi kwa mkono wako mwenyewe na uibandike karibu na skrini. Kisha chagua wiki mbili ambazo jioni zako ziko huru, ndipo ubonyeze, kwa kuwa siku zinahesabiwa tangu hapo. Siku ya kumi, kama bado unatamani kurudi kwenye chumba kile kile cha rubani kabla ya kingine chochote, subiri punguzo la bei linalofuata, maana moduli hupunguzwa bei mara kadhaa kwa mwaka, uinunue hiyo moja.